Nilivyomnyoosha babu wa watu

Najua nimepotea. Mwezi na ushee sijaandika kitu hapa, mpaka wengine mmenitumia meseji kuuliza kama nimekamatwa na uhamiaji au nimeoa. Sijakamatwa wala sijaoa. Nilikuwa na kazi ya harusi, harusi ya watu, na kazi yenyewe nusura inivunjie urafiki na jirani yangu. Leo nimepata nafasi, boksi sina mpaka Ijumaa, kwa hiyo chemsheni chai kabisa maana hii ni ndefu.

Kwa wageni wa hapa kijiweni: mimi mtoto wa Mbagala, niko Montreal, mwaka wa pili unaisha. Mchana nasoma uhandisi wa umeme, usiku natengeneza biti kwenye laptopu. Nyumbani nilianza na singeli kama vijana wote wa mtaa wetu, huku nimejifunza hausi na tekno maana ndizo zinazochezwa. Nyumba tunayopanga kuta zake nyembamba kama gazeti la kufungia maandazi. Chumba cha pili, upande wa kitanda changu, anakaa binti anayesoma historia na kupiga klarineti. Jina silitaji, kanikataza. Tumwite Jirani.

Mwaka wa kwanza wote tulikuwa tunagongeana ukuta tu. Yeye akianza mazoezi saa moja jioni, mi nagonga. Mi nikifungulia besi saa tano usiku, yeye anagonga. Ndo salamu zetu zilikuwa hizo.

Basi bwana, jioni moja ya Februari, baridi ile ya digrii ishirini na kitu chini ya sifuri (ukitoka nje unahisi nywele za puani zinaganda, msicheke, zinaganda kweli), nimejilaza na blanketi mbili nikasikia anapiga kitu kilichoniinua kitandani. Noti ya pili iko karibu sana na ya kwanza, halafu kutoka ya pili kwenda ya tatu pengo kubwa, kama mtu anayeruka mtaro huku kashika kanzu. Hiyo ngazi naijua! Marehemu baba alikuwa anapiga kinanda kwenye kikundi cha taarab cha mtaani, na akikaa peke yake vidole vyake vilikuwa vinaenda hukohuko. Wapiga taarab wanaiita Hijazi. Nikarekodi kwa simu kupitia ukutani, nikamtumia bi mkubwa Mbagala. Asubuhi nakuta kajibu: "Mwanangu, hiyo taarab ya wapi? Na mbona hawaimbi?"

Siku hiyo nikagonga mlango, siyo ukuta.

Jirani akaniambia hiyo siyo taarab, hiyo ni klezmer, na ngazi yenyewe wao wanaiita freygish. Jina la klezmer limetokana na maneno mawili ya Kiebrania yenye maana ya vyombo vya wimbo. Ni muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, waliokuwa wanaongea Kiyidi: Ukraine, Poland, Romania, Moldova, Belarusi, huko kote. Fidla ndiyo ilikuwa mkuu wa kundi, pamoja na tsimbl, ambacho ni chombo cha nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti (ukikiona utafikiri kanuni iliyolazwa ikapigwa fimbo), halafu karne ya 19 klarineti ikaingia na ikachukua usukani. Nikamwuliza imekuwaje mkafanana na sisi. Akanipa kitabu cha Walter Zev Feldman cha 2016, kizito kama tofali, ambacho sehemu kubwa kinaeleza jinsi wanamuziki wale walivyopokea vitu kutoka upande wa Waturuki na Wagiriki wa Istanbul kupitia Moldova. Na taarab yetu nayo ilifika Zanzibar kutoka Misri, ambako Waturuki hao hao walitawala. Kwa hiyo bi mkubwa hakukosea sana. Ni mabinamu wa mbali waliokutana ukutani Montreal.

Tukawa marafiki. Wiki mbili baadaye akaja chumbani kwangu kashika kaseti mkononi kwa namna ambayo watu wanashika yai.

Hapa lazima nieleze vizuri maana ndo penyewe. Babu yake Jirani alitokea upande wa Chernivtsi, mji ambao leo uko Ukraine lakini yeye alipokuwa mtoto ulikuwa chini ya Romania. Familia ya wapiga muziki. Baba yake klarineti, kaka zake fidla na tsimbl. Kwenye ile vita Wanazi na washirika wao waliua Wayahudi wapatao milioni 6, na katika nyumba ile alibaki yeye peke yake. Akaingia Kanada 1948. Montreal akashona makoti kwenye kiwanda cha nguo pale Boulevard Saint-Laurent, na Jumapili akawa anapiga kwenye harusi. Hakujua kusoma noti. Alijifunza kwa sikio kutoka kwa baba yake, na hao waliomfundisha hakuna aliyerekodiwa. Alikufa 1991, Jirani hajazaliwa. Kilichobaki ni kaseti moja aliyojirekodi mwenyewe jikoni mwaka 1983. Dakika tisa tu.

Sasa kaka yake Jirani anaoa mwezi Juni. Wale vijana wa ukoo, yaani binamu na marafiki, klezmer hawaichezi, wanaiona ya wazee. Wanacheza tekno. Jirani akaniomba: chukua hii kaseti, iwekee biti, ili siku ya harusi ya mjukuu wake babu apige na watu wacheze. Na bibi yupo, mjane wa yule mzee, ana miaka 91, atakaa kiti cha mbele.

Mi nikaona hii kazi ya usiku mmoja. Si ndo ninachofanya kila siku? Kwanza hesabu zinakubali. Kaseti ina vitu vitatu vinavyofuatana: inaanza na doina, ambayo ni kama maombolezo yasiyo na mapigo, mpigaji anatangatanga na noti zake anavyotaka, zamani wageni walikuwa wanakaa mezani kuisikiliza. Kisha hora, taratibu, inachechemea. Mwisho bulgar, ya kuchezwa kwa kasi. Na bulgar ina mgawanyo wa mapigo nane madogo kwa tatu, tatu, mbili. Ukiweka chini yake ngoma ya hausi inayopiga nne sawasawa, zinakutana kila baada ya nane na katikati zinasuguana. Huo msuguano ndo unafanya kiuno kijiulize kiende wapi. Kwenye karatasi ni kitu safi kabisa.

Na wala si wazo jipya, tena ni wazo la hapahapa mjini. Kuna jamaa anaitwa Josh Dolgin, jina la jukwaani Socalled, mzaliwa wa Ottawa. Alikuwa anatafuta santuri za mitumba za kukatia vipande vya hip hop, akakutana na santuri za Kiyidi ambazo hakuna aliyekuwa anazitaka, akaanza kuzikata hizo. Mwaka 2003 yeye na mpiga fidla Sophie Solomon wa London wakatoa albamu ya HipHopKhasene. Khasene ni harusi kwa Kiyidi, na albamu imepangwa kama harusi. Baadaye akawa na David Krakauer, mpiga klarineti wa New York aliyewahi kuwa The Klezmatics (hao ndo waliochukua Grammy 2007 kwa albamu ya Wonder Wheel), wakamwongeza Fred Wesley, mzee wa tromboni aliyekuwa na James Brown! Kundi wakaliita Abraham Inc. Nilizisikiliza hizo usiku kucha nikiruka kitandani peke yangu. Nikajiambia mi nani nishindwe.

Nikaiingiza kaseti kwenye programu. Nikachagua mapigo 126 kwa dakika. Sasa programu hizi za kisasa zina uwezo wa kuitafuta kila noti ilipoanzia na kuivuta mpaka kwenye mstari ulio karibu. Ukibonyeza tu, kila kitu kinakaa sawa kama sare za gwaride. Mzee alikuwa anaanza taratibu na kumaliza kwa mbio, nikamnyoosha. Noti zake zilikuwa zinachelewa, nikazinyoosha. Kulikuwa na mvumo wa kaseti na nyuma kabisa vyombo vya jikoni vinagongana, sahani na vijiko, nikasafisha vyote. Doina nikaiona inachosha, ndefu bila biti, nikaiwekea kinanda cha mawingu chini na ngoma laini ili vijana wasichoke. Ilipotimu saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimemaliza, na niwe mkweli kwenu, niliipenda. Niliituma hata kwa jamaa zangu wa Mbagala wakasema "we noma".

Jioni nikamwita Jirani. Akavaa hedfoni. Mi nimekaa nasubiri sifa.

Alisikiliza dakika moja na nusu hivi. Akavua. Hakupiga kelele, na hilo ndo lililonitisha. Akasema tu, "Huyu siyo babu." Akachukua kaseti yake mezani, akaondoka.

Siku tisa hakuniongelesha. Hata ukuta hakugonga, na mi besi nilikuwa siwashi. Jamani msione hivi, kimya cha jirani ni kizito kuliko kelele zake. Mwanzoni nilikuwa na hasira: usiku mzima nimekesha bure, senti tano sijadai, unaniambia siyo babu? Nikasema hawa ndo walewale, wapenda vya kale. Maana kesi hii naijua, nimekulia ndani yake. Baba yangu na kinanda chake alisutwa sana na wazee wa fidla na kanuni, kwamba kinanda kimeua taarab. Na mimi na singeli yangu nikasutwa na baba, wakati singeli yenyewe ilianza kwa madijei kukata vipande vya hizohizo taarab za kinanda na kuzikimbiza! Kila mtu anamsuta aliyekuja nyuma yake. Kwa hiyo nilijiona mshindi wa hoja, ila peke yangu chumbani.

Siku ya kumi ikaja meseji. Anwani moja ya mtaa wa Mile End, na maneno: "Jumatano saa moja jioni. Njoo na miguu, usije na laptopu."

Mile End ni mtaa ambao zamani ulijaa Wayahudi wa Kiyidi na mpaka leo wapo, hasa wale wa kofia nyeusi na makoti marefu, na pale ndo kuna tanuri za mkate wa begeli zinazotoa harufu mpaka unasahau baridi. Ukumbi wenyewe mdogo, chini ya nyumba, mvuke wa makoti mabichi. Watu kama ishirini, nusu wazee. Mzee mmoja wa akodiani ndiye anayeongoza, na kazi ya jioni ile ilikuwa kujifunza kucheza. Siyo kupiga. Kucheza, mkishikana mikono mmezunguka.

Mzee akaniuliza mi nani, Jirani akamwambia ndiye yule wa mashine. Akatabasamu (habari zangu zilishafika). Akaniambia nipige makofi yeye apige akodiani. Nikapiga. Mi makofi najua, mtoto wa uswahilini. Akasimama: "Kijana, mbona unafika kabla ya bibi harusi?"

Watu wakacheka, na mi nikacheka, lakini sikuelewa. Tukarudia. Safari ya tatu nikawa namwangalia yeye, naye alikuwa haangalii vidole vyake wala mimi. Alikuwa anaangalia miguu ya watu. Kuna bibi mmoja goti lake bovu, kila akigeuka anachelewa kidogo, na mzee alikuwa anamsubiri! Anaining'iniza noti mpaka mguu wa yule bibi uguse chini, ndo anaiachia. Halafu duara likichangamka anawasukuma, kasi inapanda bila mtu kuamua. Zamani harusini, akanieleza baadaye tukila begeli, mpigaji alikuwa analipwa na wanaocheza, kwa hiyo alijua miguu ya kila mtu. Huyu mzito, huyu mlevi, huyu anataka kuonekana na wakwe.

Nikakumbuka zile noti nilizozinyoosha. Nilidhani mzee amechelewa, kumbe alikuwa anamsubiri mtu.

Kuna kingine alichonionyesha. Klezmer ina kitu kinaitwa krekhts, maana yake kama mguno au kilio. Mpigaji anaikata noti ghafla mwishoni kwa kuibana kooni, kama mtu anayelia akajizuia. Santuri za Naftule Brandwein, yule aliyerekodi New York miaka ya 1920, zimejaa hiyo. Ni sauti fupi mno. Nilipokwenda nyumbani nikafungua ile kazi yangu na kukuza mstari wa sauti mpaka nikaiona. Programu ilikuwa imeihesabu kila krekhts kama noti inayojitegemea, ikaivuta mpaka kwenye mstari wake. Yaani kilio cha mzee nilikigeuza kwikwi. Dakika tisa nzima mzee wa watu anapiga kwikwi kwa mpangilio kamili wa 126.

Aisee nilijisikia vibaya. Siyo vibaya ya kukosea kazi. Ni kama vile umepewa picha pekee ya marehemu ukaisafisha mpaka ukafuta mikunjo ya uso, halafu unasubiri usifiwe.

Nikarudi kwa Socalled na Krakauer, safari hii kusikiliza siyo kuruka. Ndo nikaona tofauti. Krakauer yuko hai pale. Mashine ikienda sawasawa, yeye anaamua kuiwahi, kuichelewa, kuipanda mgongoni. Mashine haimwoni lakini yeye anaiona. Babu hawezi. Alishapiga, 1983, jikoni, amemaliza. Hawezi kunifuata hata nikimbembeleza. Katika wawili sisi anayeweza kumfuata mwenzake ni mimi tu.

Nikamgongea Jirani, nikamwomba kaseti tena. Alifikiria kidogo. Akanipa.

Safari ya pili ilichukua wiki tatu na ilinila mpaka alama za somo moja la saketi (mama asisome hapa). Nilizima mistari yote ya programu. Nikapima mwendo wa mzee: bulgar yake inaanza kwenye 104 hivi na inamalizia 121, na katikati kuna mahali anapunguza kwa sekunde kama nne bila sababu ninayoijua. Ngoma nikazipiga kwa vidole, kwa mkono, hedfoni masikioni, nikimfuata yeye. Usiku wa kwanza nilikuwa bado nafika kabla ya bibi harusi. Usiku wa tatu nikaanza kumsikia anavyovuta pumzi. Mpiga klarineti kabla ya kifungu anavuta hewa, na pumzi ikiwa ndefu ujue kinachokuja ni kirefu na kitachelewa. Nikawa napiga kwa pumzi, siyo kwa hesabu. Sauti ni zilezile za mashine, ngoma nzito ya tekno, besi ya kutetemesha vikombe, makofi ya singeli kidogo mwishoni (sikuweza kujizuia). Ila nani anamfuata nani, hapo ndo palipogeuka.

Mvumo wa kaseti nikauacha. Nilijaribu tena kuusafisha nikagundua kwamba ile dawa ya kuondoa mvumo inaondoa na pumzi, maana kwa programu pumzi na mvumo ni kitu kimoja. Nikiacha pumzi, sahani na vijiko vinabaki. Basi vikabaki. Hora nikaiwekea besi peke yake, inachechemea naye. Na doina sikuigusa. Dakika moja na sekunde hamsini, klarineti tupu.

Jirani alipoisikiliza hakusema kitu, alirudisha mwanzo akasikiliza tena. Halafu akasema makofi ya mwishoni yamezidi. Nikapunguza.

Harusi ilikuwa Jumapili, Juni. Nilivaa suti ya kuazima, mikono mifupi. Shida ya kwanza ikaja kwa dijei, ambaye ni binamu wa bwana harusi. Akaingiza wimbo wangu kwenye kompyuta yake, kompyuta ikashindwa kuusoma. "Kaka, huu wimbo wako hauna mwendo." Nikamwambia unao, ila unabadilika. Akasema hawezi kuuchanganya na nyingine, itakuwa aibu, kwa nini nisingeuweka tu kwenye 126 kama watu wote. Jamani! Ningemwambia nini? Nikamwambia zima ya kwako, washa ya kwangu, kaa pembeni.

Doina ikaanza. Ukumbi mzima umesimama unasubiri biti na biti haiji. Sekunde thelathini. Vijana wanaangaliana. Wawili watatu wakaelekea baa. Dakika. Mi jasho linatiririka ndani ya suti ya watu, najilaumu, kwa nini sikuacha hata kile kinanda cha mawingu. Bibi yuko kiti cha mbele, mikono kwenye mkoba, uso haujasema kitu. Nyuma ya klarineti, kwenye spika kubwa zile, sahani zinasikika vizuri kabisa, kling, kling, na mtu anafungua bomba.

Bibi akamvuta Jirani mkono akasema kitu kwa Kiyidi. Jirani akacheka huku analia. Nilimuuliza baadaye. Bibi alisema: "Sahani hizo ni mimi. Alianza kupiga wakati naosha vyombo, nikamwambia subiri nimalize, hakusubiri."

Miaka arobaini na kitu, hakuna aliyewahi kumwuliza nani alikuwa anaosha vyombo.

Bulgar ilipoingia na besi, watu walicheza. Siwezi kuwadanganya kwamba ukumbi ulipasuka. Duara la kwanza ni wazee, kwa sababu wao ndio waliojua cha kufanya na mwendo unaopanda, na vijana waliingia mmojammoja wakivutwa mikono. Ile sehemu mzee anayopunguza kwa sekunde nne nusu ya duara iligongana. Lakini ilipofika kwenye 121 wote walikuwa ndani, bwana na bibi harusi juu kwenye viti, mjomba mmoja anapiga kelele tupunguze besi, na dijei wangu naye kaacha mitambo yake yuko katikati anaruka. Bibi hakucheza, mguu wake mmoja tu ulikuwa unagonga sakafu. Nilipokwenda kumsalimu alinishika mkono kwa nguvu kuliko nilivyotegemea akaniambia kwa Kifaransa kwamba besi imezidi, mume wake hakuwahi kuwa na besi ya namna ile. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimekula bibi, nikamwambia. Akaniletea sahani nyingine.

Bi mkubwa nimemtumia wimbo juzi. Kasema sasa imekaa, ila bado anauliza mwimbaji yuko wapi. Nikamwuliza zile kaseti za marehemu baba za kikundi chao ziko wapi, akasema nadhani ziko kwenye sanduku la chini ya kitanda cha shangazi yako Temeke, ila panya sijui. Kama kuna mdau yuko karibu na Temeke na ana deki ya kaseti inayofanya kazi, naomba anitafute, na tafadhali asisafishe chochote.

Mi nina mtihani wa saketi Jumanne, ule wa kurudia, si unajua tena. Jirani ameanza mazoezi sasa hivi ninavyoandika. Ngoja nimgongee.